Entebbe mpaka Toronto: ni mbali kiasi gani, na dawa utazimeza saa ngapi?

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, hasa siku ya posho, watu wakiwa kwenye mstari mrefu na hawana la kufanya. "Wewe uliyesoma, hebu tuambie, Canada ni mbali kiasi gani?" Wengi hawaulizi kwa kutaka kilometa. Wanataka kujua mama mzee atakaa kwenye kiti muda gani, mtoto atalia mara ngapi, na kama mtu anaweza kufika mzima. Mimi ni mjitolea wa afya tu, si rubani, lakini swali lenyewe ni la afya kuliko watu wanavyodhani. Nitaeleza kwa nini.

Nianze na kilometa. Kutoka Entebbe hadi Toronto, ukipima kwa mstari wa moja kwa moja juu ya uso wa dunia, ni kama kilometa 11,750. Ndege za abiria hazipiti mstari huo bila kusimama, hivyo wasafiri wengi hubadili ndege katika mji mmoja wa Ulaya. Tuchukue Amsterdam, ambako ndiko alikopita mama mkubwa wangu mwaka 2023. Entebbe hadi Amsterdam ni kama kilometa 6,350, na Amsterdam hadi Toronto ni kama 5,990. Jumla kilometa 12,340 hivi. Kwa hiyo kupita Ulaya kunaongeza kilometa 600 tu, si nyingi kwa safari kama hiyo.

Watu wakiangalia ramani ya ukutani hubisha. Wanasema Ulaya iko juu, Canada iko kushoto, kwa nini upande juu kwanza? Mimi hutumia chungwa na uzi. Weka kidole kwenye chungwa mahali pa Uganda, weka kingine mahali pa Canada, vuta uzi uwe umekaza. Utaona uzi wenyewe unapanda kuelekea kaskazini, unapita juu ya Sahara na kuvuka Bahari ya Atlantiki. Dunia ni ya mviringo, na ramani ya karatasi imeitandaza kama ngozi ya mbuzi inayokaushwa. Baada ya hapo chungwa linaliwa, na kwa kawaida hapo ndipo watoto wanaelewa zaidi.

Ndege kubwa huenda kama kilometa 900 kwa saa moja. Hiyo ni kilometa 15 kwa dakika. Mwaka 2008 tulipokimbia Rutshuru kwenda Bunagana, njia ambayo haifiki kilometa 30, tulitembea siku moja na nusu, mimi nikishika kitenge cha mama mkubwa ili nisipotee katika watu. Ndege ingemaliza njia ile kwa dakika mbili. Nilipomwambia hesabu hiyo kabla hajaondoka hakucheka. Alisema tu, "Basi wangetuletea siku ile."

Tiketi inavyochanganya watu

Sasa masaa. Entebbe hadi Amsterdam ndege hukaa hewani masaa 8 na kidogo. Amsterdam hadi Toronto ni kama masaa 8 tena. Kurudi kutoka Toronto kwenda Amsterdam ni kama masaa 7, kwa sababu huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kusukuma ndege kwa nyuma. Anayekwenda magharibi anapambana na upepo huo.

Lakini ukisoma tiketi huoni hivyo. Kila mji umeandikiwa saa yake yenyewe. Hapa Uganda tuko mbele ya Amsterdam kwa masaa 2 wakati wao wa baridi, na kwa saa 1 wakati wao wa joto. Tuko mbele ya Toronto kwa masaa 8 wakati wa baridi na 7 wakati wa joto. Sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima. Wao huzisogeza mara mbili kila mwaka.

Tuchukue mfano wa safari ya mwezi wa Januari. Ndege inaondoka Entebbe 23:30, yaani saa tano na nusu usiku. Inafika Amsterdam baada ya masaa 8 na robo, na tiketi inasema 05:45, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Mnasubiri uwanjani mpaka 14:00, saa nane mchana. Mnapanda ndege ya pili, na tiketi inasema mtafika Toronto 16:00, saa kumi jioni. Mtu anayetoa 14 kwenye 16 anapata masaa mawili. Nimemwona baba mmoja akiwaeleza watoto wake kwamba kutoka Ulaya kwenda Canada ni karibu kuliko kutoka Nakivale kwenda Kampala, na alikuwa na karatasi mkononi ya kuthibitisha. Ukweli ni kwamba wakati ndege inatua Toronto saa kumi jioni, hapa Nakivale ni saa sita usiku. Tangu kuondoka Entebbe yamepita masaa 24 na nusu.

Na hapo sijahesabu barabara. Mbarara hadi Kampala ni kama kilometa 270, na kabla ya Mbarara kuna vumbi letu la Isingiro. Kampala hadi Entebbe ni kama 40. Ukijumlisha kuamka usiku kupanda basi, kulala Kampala, kungoja uwanjani masaa kadhaa kabla ya ndege, na ndege ya tatu kwa wale wanaoendelea hadi Winnipeg (kilometa 1,500 nyingine kutoka Toronto), mtu anafika akiwa amemaliza siku mbili au tatu bila kulala vizuri.

Jambo jingine la kuchanganya ni saa ya Kiswahili. Sisi na Waganda tukisema saa tatu asubuhi tunamaanisha ile ambayo tiketi inaandika 09:00. Ukimwambia mtu wa uwanja wa ndege wa Ulaya "saa tatu" kwa Kiingereza, ataelewa 03:00. Kwa basi ni kuchelewa. Kwa dawa ni hatari.

Yaliyompata mama mkubwa

Mama mkubwa alikuwa na miaka 61 na presha ya miaka mingi. Kila siku alimeza kidonge kimoja saa mbili asubuhi. Begi lake nililifunga mimi. Nilifikiri vizuri: dawa za miezi mitatu zisipotee njiani, zisiibiwe, zisilowe. Nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaziweka katikati ya vitenge ndani ya sanduku kubwa, lile linalokwenda chini ya ndege. Mkononi alibaki na mfuko mweupe wa IOM wenye karatasi zake na picha ya X-ray.

Sanduku halikufika naye. Lilikuja baada ya siku nne. Mambo hayo hutokea, mizigo inabadilishwa ndege na huenda isiwahi. Siku zote hizo hakumeza kidonge. Alikuwa hajui Kiingereza cha kueleza, na aliona aibu kuwasumbua watu waliompokea kwa ukarimu. Siku ya tatu kichwa kilimuuma mpaka akashindwa kusimama. Walipompeleka kliniki presha ilikuwa 190 kwa 110. Miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Alipona, na sasa tunaongea kila Jumapili. Lakini mimi niliyefundishwa presha, niliyekuwa nikiwashauri watu wa zoni nzima, ndiye niliyeficha dawa za mama yangu mahali ambapo hakuweza kuzifikia. Ndiyo sababu naandika makala haya.

Dawa zote unazotumia kila siku ziwe kwenye mfuko wa mkononi: za presha, sukari, kifafa, pumu, ARV, kifua kikuu, na za uzazi wa mpango. Ziache kwenye chupa au pakiti yake yenye jina lako, pamoja na karatasi ya kliniki. Anayetumia ARV halazimiki kumweleza jirani yake wa kiti anachomeza. Ni dawa kama nyingine, na karatasi yako ni ya kumwonyesha mhudumu wa afya peke yake. Insulini usiiweke kabisa kwenye sanduku la chini, kwa sababu huko inaweza kuganda kwa baridi, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Uwanjani hukataza vitu vya maji vinavyozidi mililita 100 kwenye mfuko wa mkononi, lakini dawa za maji na maziwa ya mtoto vinaruhusiwa. Vitoe mwenyewe, vionyeshe, usingoje kupekuliwa.

Umeze saa ngapi?

Hapa ndipo kilometa zinapogeuka kuwa afya. Usimeze kwa kufuata jua la dirishani, wala chakula cha ndege, kwa sababu wanaweza kukupa chakula cha asubuhi wakati mwili wako unajua ni usiku. Chukua saa moja ya mkono, hata ya bei rahisi, iache kwenye saa ya Uganda mpaka ufike. Simu nyingi hujibadilisha zenyewe zikipata mtandao, usizitegemee.

Kwa mfano ule wa Januari, mama mwenye kidonge cha saa mbili asubuhi atafika Amsterdam, na robo saa baadaye saa yake ya Uganda itasema saa mbili. Uwanjani pale wataandika 06:00. Ameze hapo. Kidonge cha kesho yake, kwa saa ya Uganda, kitaangukia saa sita usiku ya Toronto. Hakuna anayetaka kuamka saa sita usiku miaka yote, hivyo ni lazima saa isogezwe. Kwa dawa nyingi za presha za mara moja kwa siku si tatizo kubwa kusogeza kwa masaa machache, lakini kila dawa ina tabia yake. Muulize muuguzi kabla hujaondoka, akuandikie. Usimeze vidonge viwili kwa pamoja kufidia ulichokosa. Anayechoma insulini lazima apewe mpango wake na daktari, kwa sababu anayekwenda magharibi siku yake inakuwa ndefu, masaa 31 au 32 badala ya 24, na chakula cha ndege hakiji kwa saa anayoizoea.

Miguu, maji na choo

Mama mkubwa aliniambia baadaye kwamba tangu Entebbe mpaka Toronto alikunywa vikombe viwili tu vya maji. Nilimuuliza kwa nini. Alinyamaza kwenye simu, kisha akasema aliogopa choo. Alimwona mtu akisukuma mlango mdogo na mlango ukammeza. Hakujua unafunguliwaje, akaogopa kufungiwa ndani. Basi akaamua kutokunywa.

Nimeuliza wengine waliosafiri, na hasa kwa wazee jambo hili ni la kawaida kuliko tunavyofikiri. Kwa hiyo nieleze. Mlango wa choo cha ndege mara nyingi hujikunja: sukuma katikati. Ukishaingia, sogeza kitasa kidogo cha kufunga na taa itawaka. Kuna kitufe cha kusafisha. Ukikibonyeza kitanguruma kwa nguvu kana kwamba kinataka kukuvuta. Hakivuti mtu. Watoto waelezwe mapema, wengine hutoka wakilia.

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, mwili unapoteza maji bila kutoka jasho. Mtu asiyekunywa, tena amekaa miguu imening'inia kwa masaa 8, damu ya miguuni inatembea polepole. Kuvimba kidogo kwa miguu yote miwili huisha kwa siku moja au mbili. Kinachotutia hofu ni damu kuganda ndani ya mshipa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake: safari ya masaa 4 au zaidi, iwe ndege, basi au treni, huongeza hatari hiyo kama mara mbili. Bado ni watu wachache, kama mmoja kati ya 6,000, lakini hatari ni kubwa zaidi kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye saratani, mtu mnene sana na aliyewahi kuugua hivyo. Dawa yake ya kwanza haina gharama. Simama utembee kwenye njia ya katikati kila baada ya saa moja au mbili taa ya mkanda ikiwa imezimwa. Ukiwa umekaa, inua visigino, shusha, inua vidole, kama unakanyaga cherehani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma upande mmoja tu, au ukapata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, hata wiki kadhaa baada ya kufika, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme ulisafiri kwa ndege.

Ndege hupaa juu kilometa 10 hadi 12, na nje kuna baridi kali, kama nyuzi 50 chini ya sifuri. Ndani wanasukuma hewa ili watu waishi, lakini si kama hapa chini. Ni kama umekaa kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Goma ni kama mita 1,500. Ndugu zetu waliozaliwa nyanda za juu za Minembwe hawataona ajabu. Lakini mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye selimundu, au mzee mwenye ugonjwa wa mapafu anaweza kuishiwa pumzi. Ndiyo sababu daktari anapima tena siku chache kabla ya safari, na ndiyo sababu wengine huambiwa wasubiri.

Masikio huuma ndege inaposhuka, si kwa sababu ya uchawi wala ya kelele. Mnyonyeshe mtoto wakati ule wa kushuka, mwamshe kama amelala. Mkubwa ameze mate, apige miayo, atafune kitu.

Kuambiwa "subiri"

Hili nitalisema kwa kifupi ingawa linaumiza. Mtu akiahirishwa, majirani huanza kusema ana ugonjwa mbaya. Mara nyingi si hivyo. Vipimo vya afya vya Canada hudumu miezi 12. Kesi ikichelewa, vinarudiwa vyote. Mjamzito wa mtoto mmoja asiye na matatizo hukubaliwa na mashirika mengi ya ndege mpaka mwisho wa wiki ya 36, wa mapacha mpaka wiki ya 32, na kuanzia wiki ya 28 wanataka barua ya daktari. Mwenye kifua kikuu cha kuambukiza anasubiri mpaka asiambukize tena, halafu anasafiri kama wengine. Usifiche mimba wala kikohozi. Nimeona familia iliyoficha mimba ya miezi minane ikarudishwa kutoka Kampala, wakiwa wameshagawa sufuria zao.

Na kuna wale ambao hakuna aliyewaambia "subiri", safari ilifutwa tu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hapa kwetu kuna watu walioshapimwa, walioshapewa mafunzo, walioshauza hata mabati ya nyumba. Kwao hesabu ya Entebbe hadi Chicago, kilometa 12,450, ni kidonda. Ninachoomba kama mjitolea ni kimoja: usiache dawa wala kliniki kwa sababu "mimi ni mtu wa kuondoka". Tulikuwa na kijana aliyeacha vidonge vya kifua kikuu mwezi wa nne wa matibabu kwa sababu aliamini atamalizia ng'ambo. Yupo hapa hapa, na ameanza upya.

Baada ya kufika

Mwili una saa yake, nayo haisafiri kwa kilometa 900. Hujisogeza polepole, kama saa moja kwa siku. Kwa tofauti ya masaa 7 au 8 tegemea wiki nzima ya kuamka saa nane za usiku ukiwa na njaa ya asubuhi. Mama mkubwa alikuwa anapika ugali saa tisa usiku, na kengele ya moshi ikawaamsha watu wa nyumba nzima. Toka nje mchana upate mwanga hata kama kuna baridi, usilale mchana kutwa, na watoto wapewe chakula kwa saa za huko tangu siku ya kwanza.

Wanaobaki pia wajue hesabu hii, wasipige simu saa mbili asubuhi za hapa wakashangaa mtu anapokea kwa hofu. Kule ni usiku wa manane. Saa mbili usiku hapa ni saa sita mchana Toronto wakati wa baridi, na saa saba mchana wakati wa joto. Ndio muda wangu na mama mkubwa siku ya Jumapili. Swali langu la kwanza ni kama amemeza kidonge. Yeye huuliza kama mvua imenyesha Rubondo.

Mwenye tarehe ya safari aje kituo cha afya Jumanne au Alhamisi asubuhi, saa tatu, ile ambayo tiketi ingeandika 09:00. Aje na dawa zake zote na karatasi ya tiketi kama ameipata. Tutakaa na muuguzi na kumwandikia saa za kumeza njia nzima, kwa Kiswahili upande mmoja wa karatasi na kwa Kiingereza upande wa pili.